Usingizi wa Gogo

Watu humwita Kwanini, na jina hilo hakupewa na baba wala mama. Alijichumia kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu ajue kusema hajawahi kupewa jibu likamtosha. Ukimwambia mvua itanyesha, atauliza nani kasema. Ukimwambia chakula kimeiva, atafunua sufuria ahakikishe. Kibanda chake cha kuchonga funguo kimebanana na duka la vifaa vya ujenzi, upana wake ni wa mtu mmoja na mashine moja, na mteja anayekuja kuchongesha ufunguo wa mlango wa nyuma haondoki kabla hajaeleza mlango huo unamtokeza wapi, na ule wa mbele umemkosea nini.

Sasa mtu kama huyo, anayetaka kujua ya kila mtu, kwa miaka kadhaa alikataa katakata kujua jambo moja lililomhusu yeye.

Alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Yakimshika, anajikunja juu ya mashine mpaka mteja anaanza kutafuta maji. Daktari alishamwambia dawa yake ni kupasuliwa, tena upasuaji wenyewe mdogo. Waliomzoea walisema mawe hayo ndiyo yaliyomtia ukali, naye akawajibu kwamba ukali alizaliwa nao, mawe yamekuja juzi. Lakini kupasuliwa hakutaka. Kisu hakikumtisha. Alichoogopa ni kutoamka, na hofu hiyo ilitoka kwa Gogo.

Gogo ni mwoka mikate, na mtaa mzima huwaita yeye na Kwanini pacha. Jina la Gogo alilipata baada ya kukatwa kidole tumbo. Wenzake wote waliopasuliwa siku ile walizinduka, wakaomba maji, wakalalamikia mashuka. Yeye akabaki vilevile, hapumui mwenyewe, mashine inampulizia, saa zinapita na madaktari wanatazamana. Alipoamka, watu walimcheka kwamba amelala usingizi wa gogo, naye akacheka nao. Ila hakuwa amelala. Alikuwa macho kabisa ndani ya mwili usiosogea. Alisikia wauguzi wakibishana kuhusu bei ya viatu. Alisikia mtu akiuliza, "Huyu bado?" Alitaka kuinua kidole kimoja tu, kidole kikakataa. Mpaka leo Gogo akilala hutoa mkono nje ya kitanda na kuchezesha vidole, na mkewe amezoea. Yote hayo huyasimulia kwa mzaha, isipokuwa jambo moja. Anasema saa zote zile hakuna aliyemshika mkono.

Daktari aliwaita ndugu akawaeleza kwamba kosa si la mtu, ni la mwili wenyewe. Kuna dawa ambayo damu ya Gogo haiwezi kuivunja, na jambo hilo hurithiwa, basi ndugu zake wa damu wawe waangalifu. Mama akaitikia kwa kichwa. Kwanini naye akaitikia. Tangu siku hiyo akabeba mawe yake kimya, kwa kuwa usingizi wa Gogo ulikuwa usingizi wa ukoo.

Aliyemtoa kwenye ukaidi huo ni Mwalimu. Mwalimu anafundisha darasa la pili, ni mtu wa karibu sana wa nyumba ile tangu utotoni, na kila Jumamosi Gogo humpelekea mkate. Akicheka hufumba macho yote mawili, kama afanyavyo Gogo. Siku hiyo alileta ufunguo wa kabati uchongewe nakala.

"Mwezi ujao napasuliwa," akasema. "Uvimbe huu wa kizazi nimechoka nao. Twende wote, mdogo wangu. Tulazwe vitanda vya jirani, tuwasengenye wauguzi."

"Nenda wewe, dada. Wewe huna usingizi wetu."

"Kweli sina, namshukuru Mungu. Lakini siku hizi kuna kipimo. Unatema mate kwenye kichupa, wanasoma jeni zako, wanakwambia dawa gani itakupokea na ipi itakukataa. Na wewe ndiye Kwanini. Au jina tukupokonye?"

Hapo alimpatia penyewe. Kwanini akazima mashine, akapuliza vumbi la shaba kwenye ufunguo, na kesho yake hakufungua kibanda.

Chumba cha mshauri wa mambo ya urithi kilikuwa kidogo, dirisha lake linatazama kamba za mashuka ya hospitali. Mshauri mwenyewe alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa na sauti ya kubembeleza. Akaeleza kwamba mtu akipasuliwa, pamoja na dawa ya usingizi huchomwa dawa ya kulegeza misuli. Kwa watu wengi mwili huivunjavunja dawa hiyo upesi. Mwili unapata wapi ujuzi huo? Kwenye jeni; na jeni hiyo kila mtu anazo mbili, moja kapewa na mama, moja na baba. Moja ikiwa mbovu, nyingine hufanya kazi. Zikiwa mbovu zote mbili, ndiyo hayo ya Gogo.

"Kama ufunguo wa akiba," akasema Kwanini.

"Kama ufunguo wa akiba, mama. Ukipoteza mmoja bado unaingia nyumbani."

Kisha binti akavuta karatasi akaanza kuchora ukoo. Duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume. Kwanini akauliza kwa nini mwanamume ndiye awe na kona. Binti hakuwahi kuulizwa hivyo, akacheka, akasema labda aliyebuni alikuwa na mume mgumu.

"Na huyu kaka yako, mna mama mmoja na baba mmoja?"

"Pacha wangu huyo," Kwanini akajibu, macho yakiwa bado kwenye zile kona. "Tumenyonya ziwa moja."

Mshauri akachora duara na mraba vikining'inia kwenye nukta moja, ndivyo wanavyochora pacha. Akauliza kama mama yao yu hai. Kusikia yupo akafurahi, akasema basi wote watatu watoe mate, picha ikamilike.

Mama alipopelekewa kichupa alikigeuzageuza. "Nimelea, nimezika, sasa nimefika umri wa kutema mate kwenye chupa," akasema. Angeweza kusema neno jingine hapo, neno moja tu. Hakusema. Akatema, akafunga kizibo, akarudi kuchambua maharage yake.

Majibu yalipotoka, mshauri alimwita Kwanini peke yake na kufunga mlango. Binti alikuwa amesogeza boksi la karatasi za kufutia machozi karibu na mgeni, na mtu akikusogezea boksi lile kabla hajasema neno, ujue kuna jambo.

"Tuanze na zuri," akasema. "Jeni zako zote mbili nzima. Ile dawa haitakudhuru. Hata kesho unaweza kupasuliwa."

Kwanini akashusha pumzi ya miaka. Akauliza mara tatu kama ni zake kweli, akaambiwa mara tatu kwamba ni zake.

"Sasa kuna jingine. Kaka yako ana mbovu mbili, hilo tulilitarajia. Yeye na mama yenu waliniruhusu nikueleze majibu yao. Moja lazima aliitoa kwa mama. Lakini mama yenu naye zote mbili nzima. Tumerudia kipimo tukidhani vichupa vimechanganywa. Havikuchanganywa." Binti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Yaani, mama, sijui nikuambieje. Kwa kipimo hiki, kaka yako, pacha wako… huyu mama hakumzaa."

Alisubiri kilio. Kilichokuja ni kicheko. Kwanini alicheka mpaka mawe yakamchoma ubavuni, akajikunja, akaendelea kucheka amejikunja.

"Binti yangu, mimi nilikwambia ziwa. Tumbo kakwambia nani?"

Ikabidi amweleze. Mama yake Gogo alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Alifariki Gogo akiwa mchanga wa wiki chache, na baba mtu alishatangulia. Mama alikuwa ananyonyesha Kwanini. Akamchukua yule mtoto, akampa ziwa la pili, na jioni ileile akatoa amri: humu ndani hakuna mtoto wa kuzaa na mtoto wa kunyonya, atakayetamka, mimi na yeye. Mjomba mmoja alitamka mara moja kwenye harusi, akalambwa kofi mbele ya wakwe. Hakuna aliyerudia. Gogo mwenyewe anajua, mtaa unajua, lakini neno halisemwi, na neno lisiposemwa muda mrefu hata mwenye kulijua hulisahau. Daktari aliposema ndugu wa damu, Kwanini hakudanganya wala hakujidanganya. Alijihesabu miongoni mwao. Yeye mwenye kuuliza kila kitu, hilo halikumpitia akilini.

"Kwa hiyo miaka yote nimekaa na mawe yangu kwa kuogopa damu isiyo yangu," akasema, akifuta machozi kwa zile karatasi ambazo kumbe zilikuwa na kazi.

Mshauri hakucheka. Alikuwa anaitazama karatasi yake. "Huyo mama aliyefariki," akauliza taratibu, "alikuwa na mtoto mwingine?"

Kicheko kikakatika.

"Yupo. Dada yake Gogo. Alilelewa na shangazi yao." "Ni Mwalimu. Anapasuliwa mwezi huu."

"Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, uwezekano wa kuwa kama yeye ni mmoja kwa nne. Si mdogo huo. Dawa nyingine zipo, daktari wa usingizi akijua ataiweka ile kando. Akijua. Watamuuliza kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na dawa."

"Atasema hakuna."

"Kwa nini?"

Ilikuwa ajabu kuulizwa yeye. "Kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha," akasema.

Alimpigia Mwalimu akiwa bado ukumbini. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba amesikia. Siku Gogo alipochukuliwa, shangazi alimsimamisha mbele ya Mama, yeye akiwa mtoto wa miaka saba, naye akaahidi hatamdai mdogo wake kamwe. Leo aende hospitalini aseme ni wangu, kwa ajili ya sindano? Ni kumnyang'anya mama aliyemlea. "Halafu umesema mmoja kwa nne. Mwanafunzi akipata tatu kwa nne mimi humpa vema. Mama akilisema kwa mdomo wake, nami nitalisema. Bila hivyo niache." Akakata simu.

Mkaidi akikutana na mkaidi, mtu wa tatu ndiye huumia. Hapa huyo wa tatu hakuwepo, shingo iliyokuwa hatarini ni ya Mwalimu mwenyewe. Kwanini alitamani akamsemee kwa daktari, lakini majibu ni ya Gogo na mwili ni wa Mwalimu, na binti wa miwani alishasema ya mtu hayatoki chumbani bila mwenyewe kuridhia. Akaenda kwa Mama.

Alimkuta kibarazani na ungo wa maharage. Gogo alikuwepo pia, ametoka kazini, unga umemganda viwikoni, anakula mkate wake mwenyewe kama mtu anayekagua kazi ya mwingine. Kwanini akaeleza yote bila kuzunguka. Mama hakuinua macho.

"Nani kasema sikumzaa?"

"Mate yako, Mama."

"Mate yangu yana mdomo mrefu." Akatupa kokoto uani. "Damu nzito kuliko maji, wanasema. Haya. Na maziwa, waliyapima?"

"Hawakuyapima."

"Basi wakayapime kwanza, ndipo waje kunihesabia watoto. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Niliwaambia wote, neno hilo humu halisemwi."

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Na safari hii atakayeumbuka si sisi. Ni Mwalimu."

Mama akaendelea kuchambua, lakini sasa alikuwa anatupa hata maharage mazima. Ndipo Gogo akaweka mkate chini.

"Mama," akasema, "siku ile nilikuwa macho."

"Najua. Unasimulia kila siku."

"Nasimulia viatu vya wauguzi. Sijakusimulia mengine. Nilijua nikichomolewa ile mashine nakufa, na siwezi kuwaambia. Nilijaribu kulia, machozi hayakutoka. Mwalimu ni mkubwa kwangu, ana moyo mdogo kuliko wangu, anaogopa hata giza. Sitaki alale pale anasikia."

Mikono ya Mama ikatulia juu ya ungo. Miaka yote ile aliucheka usingizi wa Gogo pamoja na watu, na hakuwahi kumuuliza swali ambalo alimuuliza sasa.

"Uliogopa, mwanangu?"

"Niliogopa sana. Nilikuita. Kichwani humu, saa zote zile."

"Uliita nani?"

Gogo akamshangaa. "Nilikuita wewe, Mama. Ningemwita nani?"

Mama akauweka ungo pembeni, akajifuta mikono kwenye nguo, akasema, "Nipeni viatu vyangu."

Siku hiyo chumba cha mshauri kilijaa. Mwalimu aliletwa kutoka shuleni akiwa na chaki vidoleni, na binti wa miwani akalazimika kuazima viti chumba cha pili. Mama hakukaa. Alisimama kama shahidi, akamshika Mwalimu bega kwa mkono mmoja na Gogo kwa mwingine.

"Huyu sikumzaa mimi," akasema. "Aliyemzaa alikuwa rafiki yangu, alinikabidhi akiwa anaondoka. Na huyu ni binti yake. Hawa ni tumbo moja. Mwalimu, ile ahadi nakurudishia. Ulikuwa mtoto, hatukupaswa kukuapisha. Nisamehe."

Mwalimu akawa anajifuta uso kwa mkono wa chaki mpaka akawa mweupe. Gogo alimcheka, na wote wawili wakafumba macho.

Mshauri akachukua karatasi mpya. Akachora duara la yule jirani, akalipiga mstari wa kuonyesha amefariki, akawaning'iniza chini yake Mwalimu na Gogo kwa mstari mzima. Kisha, kwa kuwa alikuwa binti mwenye adabu, akamchora Mama pembeni pamoja na Kwanini, na kutoka kwa Mama akateremsha mstari mwingine hadi kwa Gogo. Huo ulikuwa wa vidoti.

Mama akainama. "Hivi vidoti ni vya nini?"

"Ni alama yetu, bibi. Ni mtoto wa kulea. Ni kwa ajili ya kujua damu imepita wapi."

"Nimeelewa. Nipe hiyo kalamu."

Akaunganisha kidoti kwa kidoti, polepole, kwa mkono usiozoea kalamu, mpaka mstari ukawa mmoja, tena mnene kuliko mingine yote. Mshauri angeweza kumzuia, maana huo si utaratibu. Akamwacha. Baadaye aliandika pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba mstari huo umejazwa na mama mwenyewe.

Mwalimu akatema mate. Majibu yakawahi upasuaji. Mbovu zote mbili, sawasawa na za Gogo. Yule mwenye kutoa vema kwa tatu kwa nne alikaa na karatasi yake mapajani, akasema tu kwamba angejibu hakuna, angejibu hakuna na kusaini. Daktari wa usingizi alipoelezwa hakushtuka. Alisema vizuri kujua, akachagua dawa nyingine, na mkononi mwa Mwalimu wakamfunga utepe mwekundu uliotaja ile isiyomfaa. Mama alitaka kujua kama huo utepe unaruhusiwa kulowa maji. Unaruhusiwa.

Siku ya upasuaji Gogo alifika na nguo za kazini, hakuwa na subira ya kubadilisha. Walipotangaziwa kwamba mgonjwa ametolewa, akamfuata muuguzi hadi kwenye mlango wa chumba cha kuamkia.

"Wewe nani wake?" muuguzi akauliza.

"Ndugu yake. Tumbo moja."

Muuguzi akamgeukia Kwanini, aliyekuwa amejibana nyuma yake. "Na wewe?"

"Ndugu yake huyu. Ziwa moja."

Muuguzi aliona ni yaleyale, akawapisha wote wawili.

Mwalimu alikuwa amelala chali, macho yamefumba, kifua kinapanda na kushuka. Gogo akaingiza mkono chini ya shuka, akaushika mkono wake, akainama karibu na sikio. "Dada. Ni mimi. Kama unanisikia na huwezi kusema, nipo hapa, nimekushika. Kama unaweza, bana kidole."

Hakuna kitu. Uso wa Gogo ukabadilika, na Kwanini akajua Gogo yuko wapi: amerudi kwenye kile kitanda chake, anasikiliza bei ya viatu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na swali. Akamshika Gogo mkono wake mwingine, ule uliokuwa unaning'inia wazi, akaubana.

Na vidole vya Mwalimu vikajikunja. Kwanza kimoja, halafu vyote, vikaubana mkono wa Gogo kwa nguvu. Gogo akaanza kulia bila kujificha. Midomo ya Mwalimu ikasogea, wote wawili wakainama wasikie.

"Mkono una unga," akasema Mwalimu, macho bado yamefumba. "Hukunawa."

"Sikunawa, dada," akasema Gogo. "Sikunawa."

Kwanini akawaacha hapo, akatoka kwenda kuuliza zamu yake ni lini.